Kabati na Ngazi Chini ya Ringi

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi ya kikapu. Tumetokea wanane. Kati ya wanane, warefu ni wawili tu – mimi na wifi. Kama juzi; wengine huja wakaondoka, sisi tunabaki. Mimi arobaini na moja, yeye arobaini na tatu. Hao wasichana wengine ni wafupi, wepesi kama panzi, wanakimbia mpaka unawaonea wivu. Lakini mpira ukigonga ringi tu, wote wanageuka kututazama sisi. “Mama, ribaundi!”

Mama! Zamani nilikuwa Ngazi. Wifi alikuwa Kabati. Uwanja mzima ukiimba: Ngazi panda, Kabati funga! Nani anakumbuka sasa?

Wifi leo karuka mara mbili. Ya pili katua kwa mguu mmoja, kisha akainama eti anafunga kamba ya kiatu. Kamba ilikuwa imefungwa. Niliona.

Ijumaa, 7 Machi

Kiwandani tumechanganya rangi ya bluu kutwa nzima. Hata mate yangu ni ya bluu. Mchana kocha kaja mpaka getini, kofia mkononi – nikajua si heri.

Kumbe wifi kaenda kwa daktari wa mifupa wiki iliyopita. Gegedu la goti limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Asiruke tena. Kamwambia kocha. Mimi hajaniambia!

Na mechi iliyobaki ni moja, Jumamosi ya wiki ijayo, na timu ya benki. Tukifungwa tunashuka daraja. Nikamuuliza kocha, nyuma yetu nani? Akasema hana mtu. Yule mrefu wa mwaka juzi kaolewa, kahama. Yule wa mwaka jana, niliyemfundisha mwenyewe kwa mkono wangu, benki wamempa kazi na jezi. Akasema kila msimu alikuwa anataka kutafuta warefu wapya, kila msimu anaahirisha. “Kwa sababu nyinyi mpo.”

Kwa sababu sisi tupo. Nimerudi kwenye mapipa nayo hiyo sentensi. Sijui ni sifa au ni lawama.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa kaka. Wifi yuko sebuleni, mguu juu ya stuli, barafu kwenye mfuko wa plastiki. Nikamwuliza mbona kanificha. Akasema: “Ungenitazama hivyo unavyonitazama sasa.”

Tukaanza kucheka, sijui kwa nini. Tukarudi kwenye lile jino. Mwaka ule alikuwa anachezea chuo cha uuguzi, sisi mahasimu wa kufa. Kiwiko chake kilining'oa jino la mbele, hili hili la bandia nililo nalo. Kaka akafura! Akaenda hosteli kwao kumpa za uso. Alikwenda amekunja ndita, akarudi anapiga mluzi. Kesho yake akaenda tena – na jino langu halikuwa na habari yoyote mpya. Mwaka haujaisha, nina wifi.

Kaka alitusikia toka jikoni. Hakucheka. Kasimama katikati ya mlango, akaniambia mimi, si yeye: “Mwambie mwenzio. Nataka mke atakayetembea akiwa na miaka sitini. Akiingia uwanjani Jumamosi, mimi hamtaniona pale.” Na huyu ndiye aliyekuwa anapasua koo kila mechi mpaka Jumatatu anaongea kama chura.

Wifi kageuza tu barafu upande wa pili.

Jumatano, 12 Machi

Kocha kapata mtu! Mwokaji wa ile tanuri ya mikate karibu na kiwanda. Mrefu kunizidi mimi, mabega mapana, mikono imezoea magunia ya unga. Tatizo – maisha yake yote kacheza netiboli, ambako ukidaka mpira huruhusiwi kutembea nao. Anadaka mpira vizuri mno, halafu anaganda. Kama picha ya ukutani! Tunapiga kelele: dunda! Tembea! Anasema mwili unakataa, anaona kama anaiba.

Wifi alikaa benchi, akatufokea sote. Mwishowe hakuvumilia. Kaja akichechemea, akamshika Mwokaji kiuno, akamsukuma chini. “Kaa kama unataka kukalia kigoda. Mtafute mtu kwa mgongo, si kwa macho.”

Nilishtuka. Maneno yale yale, mkono ule ule, aliponifundisha mimi. Ule msimu tuliochukua kombe, vitanda vya hosteli vifupi kuliko sisi, tumelala miguu yetu iko juu ya viti, tunabishana gizani nani kadaka mipira mingi. Nikaona wivu kidogo. Mtu mzima kama mimi!

Ijumaa, 14 Machi

Kesho. Jezi iko kambani. Rangi yake imepauka mpaka naona haya.

Jumamosi, 15 Machi

Nimelowa, nimekasirika, siwezi kukaa.

Benki wana warefu wanne. Wanne! Wawili wakichoka wanaingia wengine, wametoka kunywa maji, wanatabasamu. Yule mwanafunzi wangu wa mwaka jana kanisalimia “shikamoo, mama,” kisha akanigeuzia mgongo, akakaa kigoda, akanisukuma nje kama nilivyomfundisha. Nilitaka kumpiga na kumbusu.

Wifi alikuwa benchi, na jezi. Kocha kamwandika kujaza idadi tu. Kaka hakuja. Mahali pake pale pembeni ya ukuta wa bati alikaa mtu mwingine, nikawa namchukia bila kosa.

Mwokaji aliganda mara moja tu. Kasimama na mpira juu kama anasubiri basi, refa akapuliza. Lakini baadaye! Kadaka ribaundi katikati ya watatu, akadunda, akafunga. Nilimsikia wifi akilia kwa furaha.

Robo ya mwisho nikapata faulo ya tano. Nje. Nikakaa karibu na wifi, mabega yamegusana, kwa mara ya kwanza katika umri wetu hakuna hata mmoja wetu chini ya ringi. Alinishika tu kidole gumba.

Matokeo sare, dakika chache zimebaki – mvua! Sakafu ya saruji ikawa sabuni. Mwokaji kateleza, kifundo kimevimba kama andazi. Refa kasimamisha. Tutamalizia kesho asubuhi, majina yale yale, faulo zile zile. Mimi siruhusiwi. Mwokaji hawezi. Kocha akaangaza benchi lote. Wafupi, wafupi, wafupi. Mwisho kabisa, wifi.

Kocha hakumwomba. Alitazama pembeni haraka, maskini.

Jumapili, 16 Machi

Mvua imekatika. Uwanja utakauka.

Wifi yuko jikoni kwangu. Kaja kwa miguu, kwa goti lile. Kakuta chai, kajimiminia, kaongelea mambo mengine kabisa – wagonjwa wa wodini, bei ya sukari. Miguuni kavaa raba za uwanjani.

Nikamwambia usicheze. Nilidhani sitaweza kulisema, nikalisema. Tushuke daraja, kwani daraja litatupikia? Nikamwambia mimi nataka wifi wa kuzeeka naye.

Akanitazama sana. “Na mimi unadhani nataka nini?” Halafu: “Sijasema nacheza.” Halafu, akiitazama chai: “Nimekuja tu kukaa na wewe kabla.”

Kabla ya nini, sikuuliza. Nimeingia chumbani kutafuta viatu, nimejikuta nimekaa kitandani naandika. Mlango uko wazi, namwona mgongo.

Gari limesimama nje. Kaka. Ndiye, nakijua kikohozi chake. Hakubisha hodi. Yuko mlangoni mwa jikoni na bandeji ya goti mkononi, mpya, bado iko kwenye karatasi yake. Hajasema ni ya kwenda uwanjani au ya kurudi nyumbani.

Wifi hajamwuliza. Ameweka kikombe chini, amenyoosha mguu. Kaka anapiga magoti mbele yake, anaanza kumfunga goti.