Meli Aliyoizamisha Jerome

S.L.P. 27,
Nyangamara,
Lindi.
11 Novemba 2025

Mpendwa binamu Cletus,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Mwanza, na mkeo Anjelina hajambo? Kifua cha mtoto kimepona? Sisi tunamshukuru Mungu tunapumua, ila mimi mwenzio nimechoka hadi nikikaa tu nasinzia. Korosho zimeanza kudondoka. Kuziokota ni mimi, kumgeuza mdogo wangu Jerome kitandani ni mimi, kumwogesha ni mimi. Mama mgongo haumruhusu tena.

Nakuandikia barua kwa sababu nikipiga simu, mdogo wangu anasikia kila neno.

Ule mchezo wa nyambizi mliokuwa mkicheza kabla hajapata ajali ya bodaboda bado anao, kwenye kompyuta uliyomwachia. Sasa ameng'ang'ania kulenga mwenyewe, bila mashine kumsaidia hesabu. Anachungulia meli kwenye darubini, anakadiria umbali wake kwa urefu wa mlingoti, mwendo wake, na pua imeelekea wapi, ndipo aachie torpedo, lile kombora la majini, ikakutane nayo huko mbele. Mkono wake wa kushoto hauna nguvu, kwa hiyo saa ya simu nashika mimi. Pua ya meli ikigusa mstari wa darubini naiwasha, mkia ukipita naizima, ndipo apate mwendo wake. Juzi nilisinzia na simu mkononi. Torpedo ikaenda zake, meli ikaenda zake, na Jerome hakunisemesha mpaka kesho yake.

Ulipopata habari kwamba anakosa tu, ukamwandikia: "Pole sana ndugu yangu, iachie mashine ilenge, usijitese." Najua ulisema kwa huruma. Lakini Cletus, tangu lini ukamwita Jerome "ndugu yangu"? Yule ni mtoto wa mjomba wako, mtani wako! Zamani ulimwita kipofu, ukamwambia atazamisha hata nyambizi yake mwenyewe, naye akakurudishia yasiyoandikika. Tangu apate ajali unamsemesha kama mtu aliyefiwa. Ndiyo maana hapokei simu zako. Hajaniambia, lakini niliuona uso wake aliposoma yale maneno, na niliumia sana.

Jumapili nilipotoka kanisani tulikaa tena. Sikusinzia. Kumbe siku zote, hata saa ikisema nini, alikuwa anaikadiria meli mbio kuliko ilivyo. Dereva wa bodaboda huyo, kwake kila kitu kinakimbia. Safari hii akapunguza, akaachia. Tukangoja, mama kasimama mlangoni na ungo wake. Meli ikapasuka! Nilipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani kaposwa.

Jerome hakushangilia. Aliitazama simu yake, akasema, "Yule mjinga wa Mwanza angesema nimebahatisha." Kisha akaigeuza kifudifudi.

Mama anakusalimu. Msalimie Anjelina, nibusie mtoto, na Mungu awafunike kwa mkono wake nyote humo ndani. Ukimaliza kusoma piga kwenye simu yangu, nitamwekea sikioni mwenyewe. Usimpe pole.

Mwambie amebahatisha.

Mke wako wa utani, akupendaye pamoja na uchovu wote huu,

Getrude