Ufa Chini ya Rangi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi za huko. Natumaini kifua chako kimetulia, na shemeji na watoto hawajambo. Huku tu wazima wa kiasi. Mama anahangaika na bustani yake. Baba miguu imegoma, lakini mdomo bado unaripoti kazini kila asubuhi: akiwa kwenye kiti chake mlangoni mwa karakana, ananielekeza namna ya kushika msasa, mimi niliyezeekea kwenye vumbi hilohilo.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Miaka sita nimekuwa nikikusalimu kupitia kwa mama. Leo naandika mwenyewe.

Jumanne iliyopita alikuja yule nesi. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya sura, maana mguu wa kushoto bado anauburuta tangu ile ajali. Alileta rimu nne za gari lake zilizokwaruzwa na kingo za barabara, akataka zirudi kama mpya. Kisha akauliza ndugu yangu yuko wapi. Nikamwambia ulihama. Akasema, kwa upole kabisa, nikuandikie kwamba hana kinyongo nawe tena, amechoka kukubeba moyoni. Nikamwambia ahsante, nitazifikisha salamu hizo. Nilisema ahsante, kaka, kama mtu aliyetumwa tu.

Nikavua matairi, nikaosha rimu, nikajaza mikwaruzo puti, nikasugua, nikapuliza rangi. Mbili zikaisha. Ya tatu ikanishinda, nikaiweka chini.

Ile rimu iliyopasuka nesi akiwa kwenye usukani, ile uliyofukuziwa, hukuitengeneza wewe. Wewe uliona ufa, ukauzungushia chaki, ukaniambia haifai kupakwa rangi, arudishiwe mwenyewe anunue nyingine. Ukaenda kula. Mimi nikaifuta chaki. Nesi alikuwa na haraka ya kuwahi zamu, nami nilitaka baba aone nilivyo mwepesi. Nikauziba ufa kwa puti, nikapuliza rangi na vanishi, ikang'aa kama kioo. Baba alipokuita mbele za watu na kukuuliza nani alipokea gurudumu lile, ulisema ni wewe, na kweli ulilipokea. Kisha ukanitazama, ukaningoja. Nami nikaangalia viatu vyangu.

Jioni ile ya Jumanne nilimweleza baba yote. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari. Akasema alijua tangu siku ile ile. Alikiokota kipande cha rimu, akapitisha kidole, akajua ni msasa wa nani. Wewe ulikuwa unaacha mawimbi, mimi siachi. Nikamuuliza kwa nini basi alikufukuza wewe. Akanijibu bila hata kugeuza shingo: "Karakana ilihitaji mkono mmoja mzuri. Nikabaki nao." Halafu akaniuliza kama nimeizima kompresa.

Miaka sita nilidhani namficha, kumbe tulikuwa tunafichana. Kila aliponisifu mbele za wateja, alijua anasifu nini.

Kesho yake nilimfuata nesi kazini kwake, nikamwambia tukiwa tumesimama kwenye ujia, wagonjwa wakipita. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema msamaha ule ulimgharimu miaka sita kuupata, na sasa anaambiwa aliupeleka kwa mtu asiyekosa. Mwingine hana, akasema, na nisije kumwomba. Mchana alituma dereva kuchukua rimu zake, mbili zinang'aa, mbili zikiwa na makovu yake. Nilizipakia mwenyewe.

Kaka, nami sikuombi chochote. Mama nimemwambia. Hakulia. Anampelekea baba chakula, anakiweka, anaondoka. Baba anauliza chumvi iko wapi, hajibiwi.

Ombi langu ni moja, na si kwa ajili yangu. Mama anasema binti yako mkubwa huuliza kwa nini hamji kwa babu, nawe hugeuza mazungumzo. Tafadhali mpe barua hii aisome mwenyewe. Ajue baba yake hakumlemaza mtu, na ajue ni nani aliyemlemaza.

Msalimie shemeji, kama atazipokea salamu zangu. Wabusu wadogo. Mama anakusalimu sana. Baba hajui kama nimeandika, kwa hiyo hajatuma kitu.

Ni mimi,
Mdogo wako