Kobe na Tarehe Ishirini na Tisa

Jumatatu, 19 Februari

Wiki ya tatu ya mazoezi ya ualimu na chaki bado zinanivunjikia mkononi. Mwalimu Miwani hajapaza sauti hata mara moja tangu nifike. Ndiye mwenye darasa la pili, mimi ni mkia wake tu. Akitaka watoto wanyamaze, ananyamaza yeye. Nimemuiga. Kwangu walidhani nimesahau somo!

Leo mwalimu mkuu kapita na agizo: asiyesimama mbele ya darasa akasoma kwa sauti kabla mwezi haujaisha, anarudi darasa la kwanza. Wengi wameshasoma. Wasiwasi wangu ni mmoja, yule wanayemwita Kobe, maana akiulizwa swali anazamisha kidevu ndani ya sweta. Na darasa la kwanza yupo mdogo wake! Hebu fikiria, mtu ukae dawati moja na mdogo wako. Mimi ningehama nyumba.

Zamu za kusoma zipo ukutani. Vibao vya namba, vilevile kila mwezi, ila namba zinazozidi siku za mwezi huondolewa. Siku ya kwanza watoto wanagombania tarehe, kila mmoja anabandika jina chini ya namba yake. Kobe yuko chini ya 29. Mwalimu Miwani anasema aliikimbilia, akampiga kumbo mwenzake. Kobe? Kumbo? Haya.

Jumatano, 21 Februari

Somo la mwaka mrefu. Nilikuwa nimejaza maelezo ubao mzima. Mwalimu Miwani kayasoma, kasema mazuri sana, kayafuta. Nilinuna, sifichi.

Kisha akakata duara la kadi vipande vinne, kila kipande na maneno yake. Watoto wanne wakatoka kusoma. Wa kwanza: Mimi ni robo siku. Mwaka umeisha, nimebaki, hakuna anayenitaka. Wa pili vivyo hivyo. Kufika wa tatu, darasa zima lilishaanza kuzihurumia hizo robo — mmoja analengwalengwa na machozi! Alipokuja wa nne wakaziunganisha, duara likatimia. Mwalimu akauliza, siku nzima hii tuiweke wapi? Februari! Ndiyo fupi! Basi, akasema, kwa hiyo kila baada ya miaka minne Februari inapata siku moja zaidi, na mwaka huu ndio wenyewe.

Jamani. Chuoni niliikariri hiyo habari kwa ajili ya mtihani. Leo ndiyo nimeielewa, nimekaa kiti cha mtoto, magoti kidevuni. Yule mama ni hodari, basi tu.

Watoto walishangilia. Kobe hakushangilia. Alikuwa anakitazama kibao cha 29, sweta limefika puani.

Alhamisi, 22 Februari

Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Mama yake Kobe, fundi cherehani, kaja asubuhi na sindano bado kwenye kola. Binti analia tangu jana, hataki shule. Kabanwa, kasema yote. Kaka yake alimwambia Februari inaishia ishirini na nane. Akaona mwalimu kasahau kuondoa kibao cha 29, akajibandika hapo haraka. Siku isiyokuwepo! Ana miaka saba, na katupiga chenga wote! Siku za mwizi arobaini, zake ishirini na tisa.

Mama aliomba radhi. Mwalimu Miwani akamwambia, dada, mtoto aliyepanga vile, kusoma hakumshindi, kinachomshinda ni macho ya watu. Tukaenda kwa mwalimu mkuu kuomba asomee ofisini, peke yake. Kakataa. Mbele ya darasa, kama wenzake.

Jumanne, 27 Februari

Nimemkuta Kobe nyuma ya kabati la vitabu akimsomea rafiki yake sikioni. Ukurasa mzima, hakukwama! Aliponiona, kidevu ndani.

Mwalimu mkuu anakuja mwenyewe keshokutwa kusikiliza.

Alhamisi, 29 Februari

Kaja! Mama kamshika mkono mpaka mlangoni. Nilidhani leo angeumwa kila kiungo.

Naandika hapahapa darasani, daftari juu ya goti. Ameitwa. Ametoka mbele. Kitabu kifuani, kidevu ndani. Mwalimu mkuu kwenye kiti cha wageni anatazama saa. Nikawa nataka kusema kitu, Mwalimu Miwani akanikata jicho.

Halafu Kobe akanong'ona. Hasomi mpaka wote tugeuke.

Mwalimu Miwani hata hakuuliza. Kageuza kiti chake, uso ukutani. Watoto wakafuata, madawati yanapiga kelele. Mimi pia. Kabaki mwalimu mkuu. Akasema, mbele ya darasa maana yake — Mwalimu Miwani akamjibu bila kugeuka: darasa lipo, mkuu, na yeye yuko mbele yake. Na mkuu kageuka! Mzee mzima, pua karibu iguse kibao cha namba!

Sasa hivi sote tunatazama ukuta. Hakuna anayechungulia, hata yule mtundu wa dawati la kwanza. Nasikia ukurasa unafunuliwa. Anakohoa.

Neno la kwanza limetoka! Dogo, lakini limetoka. Kasita. Bado kasita. Mwalimu mkuu, uso palepale ukutani, anasema taratibu, endelea, mwanangu.

La pili —