Mafuta ya Samaki kwa Mfuga Ngamia

Iftin, Garissa
Machi 1998

Walaal Kadar, Bwana Daktari,

Assalamu aleikum. Nakuandikia Kiswahili, maana Kisomali chetu ulishakiona cha kishamba. Mvua imenyesha, mbuzi wamenenepa, na Aabo amerudi nyumbani salama.

Barua yako nimeisoma. Unajigamba kwamba Aabo alipopasuliwa kongosho hapo hospitalini kwenu, wagonjwa wengine mliwalisha kwa dripu ya mafuta ya soya, na yeye ya samaki, mlinganishe nani atapona haraka. Halafu unaniamuru nimfiche jambo hilo, eti mfuga ngamia akijua amelishwa samaki ataaibika mbele ya wazee wenzake. Kweli umesoma, mpaka Aabo, baba yako mwenyewe, humjui.

Nimemwambia. Alikuwa anakunywa maziwa, akaweka kikombe chini, akasema, “Samaki!” kwa dharau ile anayowaonyesha wavuvi wa Mto Tana. Akakiinua tena kikombe, akanywa.

“Basi tusimtukane tena,” akasema. “Samaki alikuja kitandani kwangu kila siku. Kadar ofisi yake ilikuwa ghorofa ya juu tu, na hakushuka.”

Ningekuletea salamu zake, lakini hakutuma.

Dada yako,
Deka