Anayeitwa Baba

Lodwar
Jumapili, 16 Novemba 2025

Kwako shemeji yangu Nyaboke, Mama Ombati,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Magwagwa. Kifua cha Mama kinaendeleaje na baridi hii ya asubuhi? Nasikia mvua haitaki kupumzika, na majani chai yanakua kuliko mikono ya kuyachuma. Sisi huku tupo. Jua ni lile lile, ila watoto wamelizoea kuliko mimi. Mogaka ameng'oka meno mawili ya mbele, na akisoma maandiko kanisani anapuliza kama filimbi. Moraa anakula vizuri na anabishana vizuri.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichofundishwa kuandikia barua. Kigusii chetu ninakiongea tu. Na sikupiga simu kwa sababu wewe huiweka sauti ya juu jikoni, kila mtu anasikia, na mimi nikijua nasikilizwa na watu naanza kuongea kama mchungaji. Haya hayataki sauti ile.

Uliniuliza kwa ujumbe kama mwanangu Kemunto anaweza kubaki kwako aanze shule hapo mwezi wa kwanza, ingawa tulikuwa tumekubaliana nije kumchukua Desemba. Wiki mbili sikujibu. Ukamwambia Mogaka kwamba labda mtandao wetu ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, shemeji. Ni mimi niliyekuwa mbaya. Nilikuwa na wivu, na bado ninao ninapoandika.

Wivu huu si juu yako peke yako. Ijumaa jioni ndiyo siku yangu ya kumsuka Moraa kwa ajili ya Sabato. Nimejifunza mistari minne tu, na yote inaelekea upande mmoja. Juzi akaniambia, "Baba, unavuta kama unang'oa magugu." Mama Akiru, shemasi wetu, alikuwa amekuja kufagia kanisa. Akamkalisha kati ya magoti yake, na mtoto akatulia kama aliyelala. "Mchungaji, wewe shika Biblia," akasema, "kichwa cha mtoto niachie mimi." Akina mama wakacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda kupanga viti ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Kesho yake, katikati ya mahubiri, Moraa akapanda mpaka mimbarani na kuninong'oneza, "Baba, umegeuza shati." Kweli, mshono ulikuwa nje. Kerubo wangu, kama angekuwa hai, angeliona kabla sijatoka chumbani. Unakumbuka alivyokuwa akipitia mahubiri yangu kwa kalamu nyekundu? Pembeni alikuwa akiandika, "Hapa watoto wamelala." Ninazo zile karatasi. Siku hizi nikiandika naacha nafasi pembeni, sijui ya nani.

Sasa nije kwa jambo lenyewe.

Tangu mwaka huu uanze, kila nikikupigia nilikuwa nasikia Kemunto nyuma yako akiita, "Baba! Baba!" Nami nikaitika, "Naam, mwanangu," nikauliza amekula nini, nikambariki. Nilitangaza hata kanisani kwamba mwanangu mdogo, ambaye nilimwacha wa wiki tano, ameanza kuniita kutoka mbali. Watu wakasema amina. Mimi, niliyezaliwa Marani, niliyemwita mama yangu mzazi baba mpaka nikaanza shule! Miaka ya kuongea Kiswahili na hawa wawili ndani ya nyumba imenifanya nisahau kwamba nyumbani, kwa Kigusii, "baba" maana yake ni mama, na mimi mzazi wa kiume ni "tata".

Ulikuwepo siku niliyofika mwezi wa nane. Nilishuka na mfuko wangu, yeye akatoka nyuma ya nyumba mbio, mikono juu, "Baba! Baba!" Nikapiga magoti kwenye matope na suruali ya safari. Akanipita. Akapita hivi, upepo wake nikausikia, akakumbatia miguu yako mlangoni. Mume wako alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mchungaji, na Kigusii pia umekiacha Lodwar? Tata ni wewe. Baba ni huyo mwenye mwiko."

"Nilikuwa nafunga kamba za viatu," nikamwambia.

"Viatu gani? Umevaa ndala."

Tulicheka wote. Wewe ukanipa maji ya kunawa. Halafu nikatoa viatu nilivyomnunulia, na havikuingia hata nusu ya mguu. Nilikuwa nimenunua mguu uliokuwa kichwani mwangu. Wewe uliutazama tu ukataja namba yake, bila kupima.

Siku ya tatu niliomba kwenda naye Marani alione kaburi la mama yake. Alilia mpaka tulipobadilisha gari Kisii mjini, akachoka, akalala begani kwangu. Nakwambia ukweli, nilitamani njia iwe ndefu zaidi. Nyumbani nilimsimamisha kando ya kaburi, nikang'oa majani yaliyoota juu, nikamwambia taratibu kwa Kigusii, "Baba yako yuko hapa." Akatazama udongo, akatazama migomba, akanitazama kama mtu mzima anayemwonea mwingine huruma. "Hapana," akasema. "Baba yuko Magwagwa. Anapika."

Shemeji, kwangu mwenyewe ningevumilia. Lakini siku hiyo nilisikia wivu kwa niaba ya Kerubo, ambaye hawezi kujisemea. Alimbeba mtoto huyu miezi tisa na kumshika wiki tano, na neno lake moja limepewa mtu mwingine. Nikasahau kwamba mtu huyo ni dada yake. Nikasahau ni nani, siku ile tunarudi kutoka hospitali bila yeye, aliyemtoa Ombati kwenye titi la kushoto akaweka wangu kwenye la kulia kabla hata hajavua kitambaa cha kichwani.

Sasa sikia nilichofanya, maana hukujua, na ndicho kimenifanya nishike kalamu. Pale dukani sokoni Marani nilinunua pakiti ya biskuti. Njia nzima ya kurudi nikawa namfundisha. "Huyo wa Magwagwa ni nani?" Akisema baba, nanyamaza. Akisema makomoke, mama mdogo, anapata biskuti. Ana akili. Tulipofika Nyamira alikuwa hakosei tena.

Jioni hiyo aliingia jikoni akakuita makomoke. Nilikuwa nimesimama mlangoni makusudi nione. Uliendelea kukoroga ugali, lakini ulikoroga muda mrefu kuliko ugali wowote. Kisha ukasema, "Ee, ni sawa, mimi ni makomoke." Hukuuliza nani amemfundisha. Nami nilikula ugali ule, nikaushukuru kwa maombi marefu.

Asubuhi ya kuondoka kwangu, nyinyi mkiwa bado mnafunga ndizi za kunipa, Kemunto alishika mdomo wa birika. Nilikuwa karibu naye, wewe ulikuwa nje. Nilimwona akiungua mkono. Akafungua mdomo kuita, na hakuita. Alinitazama mimi kwanza. Alikuwa anatafuta usoni kwangu ni neno lipi linaruhusiwa. Ilikuwa kufumba na kufumbua tu, halafu kilio kikatoka bila neno lolote ndani yake, na wewe ukaja ukauzamisha mkono ule kwenye karai la maji. Ukaniambia, "Usijali shemeji, ni kidogo, utapona." Ulidhani ni birika lililonitisha.

Nimehubiri mara nyingi juu ya watoto. Sijawahi kumfanyia mtoto jambo baya kama hilo, kumfanya aombe ruhusa ya kumwita mamaye akiwa anaungua.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Abaki. Aanze shule pamoja na Ombati, na sare nitaleta mimi Desemba, ila unitumie vipimo, nisinunue tena kwa kichwa. Nitakuja na hawa wawili tukae wiki mbili, na sitamwondoa. Na bado akikuita makomoke, usiitike. Mwache mpaka akuite lile la kwanza. Kerubo asingekunyima, namjua. Ni mimi niliyekuwa nakunyima kwa jina lake. Nisamehe.

Sisemi wivu umekwisha. Nakuonea wivu unavyojua mguu wake. Mume wako namwonea wivu akimbeba mabegani kwenda kupima majani chai, na jambo hilo unaweza kumwambia, litamfurahisha. Ombati namwonea wivu kwa kulala naye kitanda kimoja hata kama anapigwa mateke. Nimeona afadhali ujue kuliko nikufichie kwa salamu nzuri.

Mpe Mama salamu zangu kwa heshima yake yote, na umwambie Mogaka ana meno yanayokuja. Mume wako mwambie kamba za viatu nimeshazifunga. Ombati mwambie dada yake Moraa anamtafutia mjusi. Mama Akiru naye anakusalimu, ameshachoka kusikia habari zako.

Kemunto usimfundishe kuniita chochote. Ila jioni mkiomba, kabla hajasinzia, litaje jina langu kwa sauti, alisikie. Mnikumbuke hivyo tu.

Ni mimi shemeji yako,
Onchiri