Mbao za Mjapani

Jumanne. Salim muuza mbao wa mtaa wa Wadi Kabir hana haya. Mbao nilizotengenezea marufaa ya kuwekea msahafu, leo ndo ananambia zilikuwa vifuniko vya mapipa ya wiski ya Kijapani. "Ammi, pombe imeshakauka," anasema, anacheka.

Na mimi wiki nzima naisifu harufu yake.

Nimeyavunja marufaa. Nilichodhani ubao mmoja kumbe vipande viwili, vimeungwa bila ya gundi wala msumari, jani la tete tu katikati. Miaka arubaini nna randa mkononi, sijaweza kuunga hivo.

Namchukia Salim. Namchukia na huyo Mjapani aliyeviunga. Kipande chenye kiungo chake nimekitupa jaani mara mbili, na mara mbili nimekwenda kukiokota.