Kadi ya Vitundu vya Ubaruku

Mlandege, Iringa
14 Novemba 1976

Kaka Fanueli,

Nisamehe kwanza, ndipo nikusalimie. Barua yako ina wiki saba humu ndani na sikuijibu, wala sikuwa mgonjwa. Natumaini wewe, wifi na watoto mko salama huko Ubaruku, na ile homa ya wifi imekwisha. Sisi tupo. Shemeji yako Selestini yuko safarini na lori. Leokadia ameota meno mawili na anayajaribu kwenye bega langu, kwa hiyo ukiona mwandiko unalala, ujue mwandishi naye anasinzia.

Kazi ya kijitabu chetu cha vitalu vya miche inakwenda vizuri. Unajua kile si cha mtu. Kila mwalimu wa kisomo cha watu wazima anakichukua bure, anaongeza analolijua, anampa mwenzake. Nakala mama iko kwangu, na sasa ina kurasa zenu za mpunga na za Ilula za nyanya.

Mwanzoni Bwana Didas, mkubwa wangu hapa kituoni, aliniambia nikate stensili, hizi karatasi za nta za kurudufia, za aina moja nizipeleke kote, maana maneno ni yaleyale. Nilimjibu kwamba maneno ni ndugu lakini mashine si ndugu. Mashine yetu ya kurudufu inashika stensili kwa meno yanayoingia kwenye vitundu vya mviringo. Yenu inataka vitundu virefu viwili na kimoja kidogo pembeni. Roza wa Ilula, anayewafundisha akina mama wauza nyanya, hana mashine kabisa; ana fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa na rola ya wino. Alinicheka, akasema mashine yake haina meno, hivyo haijamng'ata mtu. Basi naondoa utepe kwenye taipureta ili herufi zitoboe nta, na kila ukurasa naupiga mara tatu, mara moja kwa kila mahali. Mkono umezoea. Nakata sita kabla mtoto hajaamka, na habari ya aina moja Bwana Didas haizungumzii tena.

Sasa nije kwenye barua yako. Uliandika kwamba Mzee Nyanda, mliyemkabidhi ufunguo wa mashine baada ya kufaulu kusoma, aliweka stensili kinyume, herufi zikatoka zimegeuka kurasa nzima, na alipojaribu kuigeuza ikachanika. Kwamba darasa lilicheka, na mmoja akamwambia kuwa aliyezoea kuswaga ng'ombe kwa nyuma hata kusoma atasoma kwa nyuma. Kwamba wewe mwenyewe ulimnyang'anya ufunguo mbele ya watu, na tangu siku ile hajakanyaga darasani.

Kaka, Mzee Nyanda hakukosea. Aliyekosea ni mimi, Juliana.

Ulinitumia karatasi nyembamba uliyochora vitundu vya mashine yenu. Leokadia alikuwa mapajani, akaikwapua, akaitafuna. Niliikausha kwa pasi, nikailaza juu ya kadibodi nikatoboa kadi ya kupimia vitundu vya stensili zenu. Wino ulikuwa umepenya, mchoro unaonekana pande zote mbili, na mimi niliilaza kifudifudi. Kile kitundu kidogo kikahamia upande usio wake. Ndiyo maana stensili zote kumi zilikubali kushika kwenye mashine yenu kwa namna moja tu, maandishi yakiwa yamegeuka. Mzee alifuata vitundu kama mlivyomfundisha.

Nililijua siku ileile barua yako ilipofika, maana nililinganisha kadi na karatasi yako hapohapo. Nikanyamaza. Niliogopa Bwana Didas atasema ndiyo haya ya kumwajiri mwenye mtoto mgongoni. Nikajiambia nitakata nyingine kimyakimya na mambo yataisha. Ya stensili yameisha. Ya Mzee hayajaisha.

Jana nilimweleza Bwana Didas yote. Aliigeuza kadi mara mbili, akauliza kama ninayo iliyo sawa. Nikamwonyesha mpya, ina mshale na neno MBELE. Akasema basi niendelee, ila mtoto asogezwe mbali na karatasi. Nikamwambia mtoto hasogei, zitasogea karatasi. Akaenda zake kunywa chai.

Sasa hapa sisemi kama mdogo wako. Ufunguo uliuchukua mbele ya watu, urudishe mbele ya watu. Mfuate Mzee nyumbani kwake kwanza, umweleze, kisha uisome barua hii darasani, usiruke pale nilipotaja jina langu. Stensili mpya kumi anazo Kalinga, dereva aliyekuletea barua hii. Mtu wa kwanza kuzishika darasani awe Mzee. Hamjamwaga mbegu vitaluni bado, muda upo.

Nisalimie wifi sana, na watoto uwaambie shangazi anawakumbuka. Kalinga akigeuza kurudi huku Jumamosi, mpe hivi: chupa moja ya ile dawa nyekundu ya kufutia stensili, nusu debe la mchele wenu, uliopepetwa, khanga kuukuu ya wifi ya kumbebea mtoto, karatasi mpya ya vitundu, safari hii achore Mzee Nyanda na aandike mwenyewe wapi ni juu, na barua yake kwangu, aniseme anavyotaka, kwa mkono wake. Usimsahihishie hata neno moja.

Mdogo wako,
Juliana